Siku Chepngetich Alipokataa Kuandikiwa Hadithi Yake

Nasikia siku hizi nyinyi vijana wa mashirika mnaandika maombi ya ufadhili kwenye simu, mkiwa mmekaa mkahawani pale Kericho mjini, na chai haijapoa tayari yameshatumwa ng'ambo. Sikuja kuwacheka. Sisi tulikuwa tukipanga foleni kwenye saiba ya Bomet, duka la kukodi kompyuta, stima inapotea kabla hujahifadhi kazi, unarudi nyumbani kichwa kinakuuma. Shida hiyo haikuwa na utamu wowote na siwaombei muipate. Ila kuna mambo ya kazi hii ambayo simu haitawafundisha, na kwa vile nimestaafu, na ng'ombe wangu hawadai ripoti ya robo mwaka, nina nafasi ya kuyasema.

Mimi ni Mkisii niliyezaliwa kwenye mashamba ya chai. Baba alikuja Kericho kuchuma chai akiwa kijana, tukalelewa kwenye nyumba za wafanyakazi, na Kikipsigis nikakijua kwa kucheza na watoto wenzangu kabla sijaanza shule. Baadaye nikapata kazi Bomet, kwenye shirika dogo la afya ya mama na mtoto. Waliniajiri nipige chapa. Mkuu wetu, Bwana Koskei, alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mtu wa kutembea. Alichukia kuandika. Siku moja aliniwekea mezani ombi la mfadhili lililokuwa karibu kufikia mwisho wa muda wake, akasema, "Mama Moraa, mimi nitakwambia, wewe utaandika." Akaniambia kidogo, akachukua kofia yake, akaenda. Nikabaki na karatasi tupu. Hivyo ndivyo nilivyopandishwa cheo.

Lakini alinifundisha. Nikimaliza ukurasa aliniambia niusome kwa sauti, tena kwa Kikipsigis, nikitafsiri papo hapo. Nikifika mahali ulimi unakwama alisema, "Hapo hatujui tunaomba nini. Futa." Jaribuni hilo. Chukueni lile neno lenu kubwa kubwa mnalolipenda, mmtafsirie nyanya yenu akiwa anapalilia maharagwe. Akiwauliza "yaani nini?" mara ya pili, neno hilo halina kitu ndani.

Alinifundisha pia kwenda mahali penyewe wakati wa masika. Wafadhili huja wakati wa jua, barabara ikiwa kavu na kila mtu amepiga pasi. Ukitaka kujua mama mjamzito anafikaje kliniki, nenda wakati udongo unavua watu viatu. Na usipange mkutano siku ya soko. Siku ya soko pale Ndanai, tulikofanyia kazi, hata mgonjwa hupona aende. Na chai uiweke kwenye bajeti bila aibu. Kuna afisa mmoja aliwahi kuifuta chai yetu yote kwa kalamu nyekundu, akaandika pembeni kwamba hiyo si afya. Alipokuja kututembelea alikunywa vikombe kadhaa, akaomba na chupa ya kubeba. Nilimfungia chupa.

Makosa yetu? Hayo ni mengi. Mojawapo bado watu wa Ndanai wanalicheka. Tulipata pesa za pikipiki yenye trela, ambulensi ya kijijini, yenye godoro na paa la turubai. Kwenye picha ilipendeza sana. Ilipofika, akina mama waliizunguka, wakaitazama, wakarudi nyumbani. Hakuna aliyeipanda. Tulifikiri ni mambo ya mashimo barabarani. Mwishowe mama mmoja akatwambia waziwazi kwamba kitu kile kinafanana na sanduku la maiti, na mtu anayeenda kuleta uhai hawezi kulazwa ndani ya sanduku akiwa mzima. Trela ile iliishia kubeba mitungi ya maziwa kwenda kwa wanunuzi. Maziwa yalisafiri kwa godoro. Bwana Koskei aliandika ripoti ya jambo lile mwenyewe, mara yake moja tu, na ilikuwa fupi sana.

Sasa niwaambie habari ya Chepngetich, kwa sababu ndiyo iliyobadilisha namna yangu ya kufanya kazi.

Upande ule wa Ndanai tulikuwa tumejenga nyumba ya kungojea, kando ya dispensari. Mama ambaye siku zake zimekaribia anakuja kulala pale, na uchungu ukianza yuko hatua chache tu kutoka kwa nesi. Nyumba nzuri, mabati ya kijani, vitanda vilivyotandikwa. Shida ilikuwa moja: vitanda vilikaa wazi. Tulikuwa na wahudumu wa afya wa jamii waliozunguka kila boma wakizungumza na akina mama wajawazito, na akina mama walikubali kila kitu kwa adabu, halafu hawaji. Ufadhili wetu ulikuwa unakaribia kuisha. Usipoongezwa, nyumba ingefungwa, na wengi wetu tungerudi nyumbani.

Kwa hivyo tukaandika ombi jipya. Tuliandika kwamba tatizo ni umbali, tukaomba gari. Umbali ni neno ambalo wafadhili wanalielewa. Linaonekana kwenye ramani. Wakatujibu kwamba afisa wao wa Nairobi, Bi Nduta, angekuja kutuona, na kwamba tumwandalie hadithi ya mama mmoja, pamoja na picha.

Wote tulimfikiria Chepngetich. Alikuwa mke wa Wesley, mchuuzi wa ng'ombe, na mtoto wake wa kwanza alifia tumboni kabla hawajafika hospitalini. Mtoto wa pili alizaliwa salama pale kwenye nyumba yetu. Yeye alikuwa mmoja wa wale wachache waliokuja. Mnaona ilivyokuwa tamu kwa mwandishi? Huzuni upande huu, furaha upande ule, na mabati yetu ya kijani katikati. Nilikuwa tayari na sentensi ya kwanza kichwani.

Nilimkuta akikata majani ya nepia ya ng'ombe, mtoto amembeba mgongoni. Nikamweleza. Hakuacha kukata.

"Wataifanyia nini hiyo hadithi yangu?" akaniuliza.

"Wataisoma. Labda wataiweka kwenye kitabu chao, na picha yako."

"Picha nikiwa nalia?"

"Hapana, si lazima ulie."

"Na wakishasoma, watatoa gari?"

"Sijui, mwanangu. Pengine."

Akasimama wima, panga mkononi, akanitazama. "Mama Moraa, wewe umeshaiandika, ama namna gani?"

Nilisema bado. Akatabasamu kidogo, kama mtu anayemwona mtoto akificha sukari mdomoni.

"Usiniandikie," akasema. "Huyo mgeni akuje. Nitasema mwenyewe. Lakini nikianza, nitasema yote, na mtu asinikatize."

Nilirudi ofisini nikamwambia Bwana Koskei. Alikuna kidevu. "Yote," akasema. "Yote ni nini?"

Siku ya mgeni ilikuwa ya jua, kama kawaida yao. Tulikaa uani mbele ya nyumba ya kungojea: wahudumu wetu, nesi, akina mama, wazee wachache wenye kofia, na nyanya kadhaa waliokuja kwa kuwa walisikia kuna wageni na nyama. Mbele kabisa alikaa Kogo Rael, mama mkwe wa Chepngetich. Kogo ndiyo nyanya kwa Kikipsigis. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho, kitambaa cheupe kichwani, na mjukuu wake mapajani. Bi Nduta alikuwa msichana mtulivu wa Nairobi aliyevaa viatu vya matope hata siku ya jua, na kwa hilo peke yake nilimpenda.

Chepngetich alisimama. Alizungumza Kikipsigis, nami nikawa nikimtafsiria Bi Nduta.

"Imeandikwa kwamba watoto kama wangu wa kwanza hufa kwa sababu hospitali iko mbali," alianza. "Hospitali iko mbali, ni kweli. Lakini siku hiyo pickup ya jirani ilikuwa imesimama hapo nje, ina mafuta, na mwenyewe alikuwa anakunywa chai. Uchungu ulinishika asubuhi. Wesley alikuwa ameenda soko la Siongiroi kuuza fahali, na simu yake ilikuwa imezima. Mimi nilisema twende. Mama yake Wesley akasema tungoje mwenye boma arudi. Tukangoja. Aliniegemeza, alinisugua mgongo mpaka mikono yake ikachoka, alinipa maji, aliomba Mungu. Hakuniacha hata kidogo. Lakini tulingoja. Wesley alirudi jua likielekea kuzama, na hapo ndipo tulipopanda gari. Mtoto alikuwa ameacha kucheza tangu mchana. Nilijua. Sikumwambia mtu."

Nilitafsiri hadi hapo.

"Huyu wa pili," Chepngetich akasema, akimwelekeza kidole yule mtoto mapajani mwa bibi yake, "nilikuja kulala hapa bila kuaga mtu. Nilisema naenda kumwona dada yangu. Hiyo ndiyo hadithi. Msiandike umbali."

Akakaa. Hakuna aliyemgeukia Kogo Rael, lakini sote tulikuwa tunamtazama kwa pembe ya jicho. Wazee walikuwa wamekunja nyuso. Wesley, aliyekuwa amesimama nyuma karibu na ua, alivuta kofia usoni akaondoka. Nilifikiri, sasa tumeharibu boma la watu kwa ajili ya karatasi.

Kogo Rael alimpa mtoto jirani yake, akasimama polepole.

"Amesema kweli," akasema. "Niliogopa. Nyinyi mnafikiri nilikuwa naogopa nini? Ningempeleka, halafu afe njiani, mngeniuliza nyinyi nyinyi mlioketi hapa: nani alikutuma na mke wa mwanao? Mimi nilipokuwa bibi arusi katika boma hilo nilingojeshwa vivyo hivyo. Mama mkwe wangu naye alikuwa ananisugua mgongo. Mimi mtoto wangu alitoka mzima, basi nikajua hiyo ndiyo njia."

Alinigeukia mimi, si mgeni.

"Na wewe, mtoto wa Kisii. Watu wako wanapita bomani kwangu kila wiki. Wananisalimia vizuri, wananiuliza, kogo, yuko wapi msichana? Wanaenda kukaa naye jikoni wanaongea, wakimaliza wananiaga. Kuna siku mmoja wenu aliwahi kuvuta kiti akakaa na mimi?"

Hakuna. Kwenye mipango yetu yote hatukuwa na mstari hata mmoja wa nyanya wala wa mume. Tulikuwa tumemfundisha mtu ambaye hakuwa na ruhusa ya kufungua lango.

Bi Nduta aliinama kwangu akaniambia nimuulize kogo: tungemwita mikutanoni, angekuja? Nikamuuliza.

Kogo Rael alimtazama yule msichana juu mpaka chini. "Kuna chai?"

"Kuna."

"Basi ningekuja mapema, nikashike mahali pazuri."

Kicheko kilichotoka pale kilikuwa cha watu waliokuwa wamezuia pumzi. Chepngetich alikuwa akicheka na kulia pamoja, uso ameuficha kwenye leso. Hakuna aliyempiga picha. Bi Nduta aliiweka kamera yake kwenye mkoba.

Lakini kicheko hakiandiki ombi. Kabla hajaondoka, Bi Nduta alituita kando, mimi na Bwana Koskei, akasema kwamba ombi letu hawezi kulipeleka kama lilivyo, kwa sababu sasa anajua si la kweli. Tukitaka tuliandike upya, haraka, kabla wakubwa wake hawajakaa kuamua.

Ofisini tuligombana vikali, mimi na mzee yule niliyemheshimu kama baba. Gari tuliloomba lilikuwa na dereva wake, matengenezo yake, msimamizi wake. Lilikuwa limeshika mishahara yetu kama misumari inavyoshika mabati.

"Tukiomba vikao vya nyanya tu," Bwana Koskei alisema, "watatupa pesa za vikao vya nyanya. Wewe utalipwa na nini?"

"Na tukiomba gari, nani atalipanda? Tumeshaiona ile trela."

Kutaja trela ilikuwa kumgusa kidonda. Baadaye akachukua kofia yake, nikafikiri ameondoka kwa hasira kama siku zote. Akasimama mlangoni. "Njoo basi," akasema. "Si unataka kuandika? Twende tukaandikie huko."

Tuliliandika ombi lile nyumbani kwa Kogo Rael, kuta nyeusi kwa moshi, mimi na kompyuta ya mapajani juu ya debe. Nyanya wa jirani walijaa. Wao ndio waliosema kinachotakiwa: kila boma lenye mama mjamzito, mume akiwa bado yupo na hakuna anayelia, watu wakae chini waseme mbele ya majirani wawili kwamba akiwa hayupo, ni nani anasema twende. Na huyo akisema, hakuna wa kumuuliza. Niliisoma kwa sauti, na ulimi haukukwama mahali popote.

Tulipewa. Kidogo, kama Bwana Koskei alivyosema. Gari halikuja. Dereva tuliyekuwa tumemwahidi kazi alikwenda kutafuta kwingine. Mimi nikawa wa nusu wiki, na siku zile nyingine nikauza mboga. Sitawadanganya kwamba nilifurahi. Kuna asubuhi nilipanga sukuma wiki yangu sokoni nikijiuliza mtu mwenye akili anaomba kidogo kwa nini.

Wesley hakunisalimia kwa muda mrefu. Tukikutana sokoni aligeuza uso. Kisha Chepngetich akashika mimba ya tatu, na boma lao likaitisha kikao kama mengine. Nilialikwa. Nilikaa karibu na mlango, tayari kukimbia. Wesley alisimama mbele ya majirani akiwa ametazama sakafu.

"Mama akisema twende," akasema, "ni mimi nimesema."

Maneno hayo tu, akakaa. Kogo Rael alikuwa akimimina chai. Aliendelea kumimina mpaka kikombe kikafurika. Baadaye, wakati wa kuagana, Wesley alinipa mkono. "Mlinivua nguo mbele ya watu," akasema. Nikamwambia najua. Akasema, "Ile simu haikuwa imezima. Niliizima mimi. Wateja walikuwa wanabishana bei." Akaondoka.

Je, misiba iliisha? Haikuisha. Kuna mama tuliyempoteza hata baada ya hapo, amefika mapema, amelazwa, kila kitu kimefanywa sawa. Mtu akiwaambia kwamba mradi wake ulimaliza vifo, muulizeni kama aliwahi kukaa matangani. Lakini vitanda vya nyumba ya kungojea vilianza kujaa, na mara nyingi ukiingia ulimkuta nyanya amelala kwenye kitanda kimoja na mkaza mwanawe ameketi kwenye kiti, wanabishana kuhusu jina la mtoto.

Kwa hivyo mkikaa kuandika, msianze na tatizo ambalo mfadhili analipenda. Anzeni kwa kuuliza nani anashika lango, na mkakae naye kitako. Mwenye hadithi mwacheni aiseme mwenyewe, hata kama itawanyima gari. Hilo ndilo pekee ninalolijua kwa hakika katika kazi hii. Mengine mtayakuta kwenye warsha.

Ufadhili ule nao uliisha, kama unavyoisha wote. Nilikwenda kuwaaga nyanya siku yao ya kukutana. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, na hotuba ya kuwaeleza kwamba hakuna nauli tena, hakuna sukari tena, kwamba tunawashukuru kwa ushirikiano wao na kwamba wasivunjike moyo. Walikaa wakanisikiliza kwa adabu.

Nilikuwa katikati ya kushukuru wakati mwanamke mmoja alipoingia mbio kutoka boma la chini, akasema mke wa jirani yao ameshikwa na uchungu, na mume yuko Soin kwa kazi ya ujenzi. Hakuna aliyeniomba radhi. Nyanya mmoja alikuwa tayari simuni na mtu wa pickup. Mwingine alitoka kuchukua blanketi. Kogo Rael alikuja moja kwa moja mahali nilipokuwa nimesimama, akanipakatisha mtoto wa Chepngetich, yule mdogo kabisa, wa ile mimba ya tatu.

"Shika huyu," akasema. "Utamaliza tukirudi."

Wakaenda. Nilikaa na mtoto yule uani mchana kutwa, nikamlisha viazi, akalala, akaamka, akavuta miwani yangu. Waliporudi jioni, hakuna aliyeniuliza nilikuwa nikisema nini. Waliniambia tu kwamba ni msichana, na mama yake anakunywa uji.